Gari Moja, Ekari Moja: Ethanoli, Mto Wami na Historia Tusiyoisoma

Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa ana gereji yake Dar es Salaam, aliniandikia hivi karibuni. Ana Subaru Impreza yenye turbo, na nia yake ni kuibadili itumie ethanoli badala ya petroli ili iwe na nguvu zaidi, barabarani na katika mashindano ya mbio fupi za njia iliyonyooka. Alijua kwamba mimi si fundi. Swali lake lilikuwa jingine: kwa nini nchi yenye mashamba ya miwa kuanzia Kilombero hadi Kagera haina kituo kinachomuuzia mwananchi mafuta hayo? Nilimjibu kwamba jibu halimo ndani ya injini. Limo Bagamoyo, katika ardhi inayopakana na Mto Wami, upande wa kusini-mashariki wa Miono nilikozaliwa. Makala haya ni jibu hilo kwa urefu wake, maana naamini wasomaji wengi wanapaswa kulijua.

Tuanze na injini, kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kilo moja ya ethanoli tupu huhitaji kilo 9 tu. Mchanganyiko unaopendwa na wenye magari ya kasi, unaoitwa E85 kwa sababu una ethanoli asilimia 85 na petroli asilimia 15, huhitaji karibu kilo 9.8. Maana yake ni kwamba kwa kiasi kilekile cha hewa, injini inapaswa kumiminiwa mafuta mengi zaidi, karibu nusu zaidi kwa uzito. Nozeli za kawaida na pampu ya kawaida haziwezi kazi hiyo. Fundi ataweka nozeli kubwa na pampu yenye nguvu, atabadili mipira na mabomba yasiyostahimili kileo, kisha atapanga upya kompyuta ya injini ili ijue kiasi cha mafuta na wakati wa plagi kuwasha. Baada ya hapo itambidi abadilishe filta mapema, kwa sababu ethanoli huosha uchafu uliokaa ndani ya tangi kwa miaka mingi na kuupeleka mbele.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo, ilhali lita moja ya ethanoli ina nishati kama theluthi mbili tu ya ile ya petroli? Sababu ni mbili. Kwanza, ethanoli ina oktani kubwa, yaani haiungui kabla ya wakati wake hata ikishinikizwa sana, hivyo injini haigongi. Pili, inapogeuka mvuke hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya petroli, na hewa iliyopoa hujaa vizuri zaidi ndani ya silinda. Kwa injini yenye turbo hayo ni mambo makubwa: fundi anaweza kuongeza msukumo wa hewa na kuwahisha cheche bila kuvunja pistoni. Ubaya wa ethanoli unaosumbua nchi za baridi, yaani kukataa kuwaka asubuhi, hauna maana katika pwani yetu. Kwa hali ya hewa pekee, Bagamoyo ni mahali pazuri mno pa kuendesha gari la namna hiyo.

Ethanoli si kitu kigeni kwetu. Ndiyo kileo kilichomo katika tembo la mnazi, katika gongo na katika Konyagi. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba pipa la gongo litaendesha gari, kwani gongo lina maji mengi. Ukipika na kukusanya mvuke tena na tena utafika takriban asilimia 95 au 96, kisha maji yaliyobaki hayatoki tena kwa moto. Yanahitaji kunaswa kwa mitambo maalumu. Brazil hutumia ethanoli yenye maji hayo kidogo katika magari yaliyoundwa kwa ajili yake. Anayetaka kuichanganya na petroli, kama E85 inavyotaka, lazima aikaushe kabisa, vinginevyo maji hujitenga na kutuama chini ya tangi. Kwa hiyo tunahitaji kiwanda. Kiwanda kinahitaji miwa, na miwa inahitaji ardhi na maji. Hapo ndipo ufundi unapoishia na siasa kuanza.

Historia ya mafuta haya inaonyesha tangu mwanzo kwamba injini haikuwa kikwazo. Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908, iliweza kuendeshwa kwa kileo. Mwaka 1921 watafiti wa General Motors, walipokuwa wakitafuta dawa ya injini kugonga, walikuwa wanajua kuwa kileo kinafaa. Wakachagua madini ya risasi, ambayo kiasi kidogo tu kilitosha na ambayo matumizi yake yaliweza kulindwa kwa hataza. Kileo ambacho kila mkulima angeweza kukipika hakikuwa na mwenyewe. Dunia ikavuta moshi wa risasi kwa miongo kadhaa, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwishoni mwa mwaka 2005. Wakati huo wote madereva wa mashindano hawakuwa na shaka juu ya kileo. Mbio za Indianapolis zilihamia methanoli, ndugu yake ethanoli, baada ya ajali mbaya ya moto ya mwaka 1964, na mwaka 2007 mfululizo wa IndyCar ukahamia ethanoli.

Taifa la kwanza kulifanya jambo hili kwa ukubwa wa nchi nzima ni Brazil. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, serikali ya kijeshi ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa Proálcool mwaka 1975, na mwaka 1979 likatoka gari la Fiat 147 linalotumia kileo pekee. Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya asilimia 90 ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya kileo. Halafu bei ya petroli ikashuka, sukari ikawa na soko zuri zaidi, na wenye viwanda wakageuzia miwa yao upande wenye faida. Mwaka 1989 na 1990 wenye magari walipanga foleni kwenye pampu zisizo na kitu. Imani ya wananchi ilirudi mwaka 2003 yalipoingia magari yenye uwezo wa kutumia petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote, ili dereva achague mwenyewe kila anapofika kituoni.

Hata Afrika Mashariki tulilijaribu. Kiwanda cha Muhoroni, magharibi mwa Kenya, kilitengeneza ethanoli kutokana na molasi, yale masalia mazito na meusi ya kutengeneza sukari, na kuanzia mwaka 1983 petroli yenye ethanoli asilimia 10 iliuzwa nchini humo. Mpango ulikufa mwaka 1993, kwa kuwa bei haikumlipa mzalishaji sawasawa na soko la nje. Malawi walianza mwaka 1982 huko Dwangwa, nao wameendelea. Nchi isiyo na bahari, ambayo kila lita ya petroli inaifikia baada ya safari ndefu, ina sababu ya kuvumilia. Katika visa hivyo viwili ethanoli ilitokana na masalia ya miwa iliyokuwa imekwisha kulimwa kwa ajili ya sukari. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu Bagamoyo iliambiwa jambo tofauti.

Safari ya kuja Bagamoyo ilianzia Uswidi. Mwaka 2005 kampuni ya Saab ilitoa gari la 9-5 BioPower, lililokuwa na nguvu za farasi 150 likitumia petroli na 180 likitumia E85. Mwaka 2007 Koenigsegg walitoa CCXR: mtangulizi wake alikuwa na nguvu za farasi 806 kwa petroli, nalo likafikia 1,018 kwa E85. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kujitapa kwa kasi na kwa kulinda mazingira kwa pumzi moja. Sheria iliyoanza kutumika huko mwaka 2006 ilivilazimisha vituo vikubwa kuuza angalau aina moja ya mafuta yasiyotokana na mafuta ya ardhini, na vingi vikachagua E85, kwa kuwa pampu yake ilikuwa ya gharama nafuu kuiweka.

Kilichokosekana ni ethanoli yenyewe. Uswidi haioti miwa. Kampuni ya SEKAB, ambayo sehemu kubwa ya hisa zake ilikuwa mikononi mwa kampuni za nishati za manispaa za kaskazini mwa nchi hiyo, ilikuwa ikiagiza kutoka Brazil. Mkuu wake, Per Carstedt, alikuwa mfanyabiashara wa magari ya Ford huko Örnsköldsvik, na katika miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingiza Uswidi magari yanayokubali ethanoli. Mtu aliyeanza kwa kutafutia magari mafuta aliishia kutafutia mafuta ardhi. Katikati ya muongo wa 2000 SEKAB ilifika Tanzania ikiwa na mipango ya miwa Bagamoyo na eneo kubwa zaidi Rufiji.

Serikali yetu ilimpokea mgeni kwa imani ileile ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Ardhi iliyoonekana kuwa tupu ni ile ya Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, iliyotengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Serikali ya Mapinduzi kufuga ng'ombe, na ambayo ilikuwa imekufa kabla ya karne kwisha. Haikuwa tupu. Wafugaji wa Kibarbaig walikuwa na maboma humo, wakulima wadogo walikuwa na mashamba, na ng'ambo ya mto wananchi wa Matipwili walikuwa wakitegemea maji yaleyale. Lakini kwa kuwa kwenye makaratasi ardhi ile haikuwa ya kijiji, wengi wa watu hao waliitwa wavamizi. Neno hilo lilifanya kazi kubwa kuliko trekta lolote.

Pwani hii ilikuwa imekwisha kuiona miwa ya namna hiyo. Katika karne ya 19 bonde la Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya sukari yaliyolimwa kwa jasho la watumwa kwa ajili ya soko la ng'ambo. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, mwenyewe alikuwa na shamba la miwa. Jirani yetu Bwana Heri, mtawala wa Saadani, aliwahi kupigana na majeshi ya Sultani kabla hajapigana na Wajerumani, na katika vita vyote viwili swali lilikuwa nani mwenye amri juu ya nchi kati ya bahari na bara. Sisemi kwamba Waswidi walikuja na minyororo. Ninasema kwamba swali la nani anaamua juu ya ardhi hii ni kongwe kuliko gari la kwanza duniani, na lilistahili kuulizwa kabla ya kupima udongo.

Yaliyofuata yanajulikana, ingawa hatuyasimulii kwa mfululizo. Mwaka 2009 manispaa za Uswidi zilijitoa, baada ya msukosuko wa fedha duniani na ukosoaji mkali nyumbani kwao, na mradi wa Tanzania ukauzwa kwa kampuni mpya iliyoongozwa na Carstedt huyohuyo. Ukaitwa EcoEnergy, na lengo kuu likageuka: sasa sukari ya soko la ndani ilitangulia, ethanoli na umeme vikafuata. Mwaka 2013 hatimiliki ya zaidi ya hekta 20,000 ikatolewa. Mwaka 2015 shirika la ActionAid lilitoa ripoti iliyosema kuwa wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kukataa, kampuni ikapinga, na mwaka huohuo shirika la misaada la Uswidi, Sida, likaondoa msaada wake wa dhamana ya mkopo. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ikausitisha mradi. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani na maji ya Wami.

Wawekezaji walikwenda kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, wakitumia mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Uswidi na Tanzania. Mwaka 2022 walishinda takriban dola za Marekani milioni 165. Mwishoni mwa mwaka huo tukasikia kuwa ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220 imezuiwa Uholanzi kwa sababu ya deni hilo. Katika ardhi ya Razaba hapakuwa na kiwanda hata kimoja cha ethanoli kilichosimamishwa na mradi ule. Sehemu ya ardhi hiyo, hekta 10,000, ilipewa kampuni ya Bakhresa, ambayo kiwanda chake cha sukari kilianza uzalishaji mwaka 2022. Ndivyo ilivyokuwa kwamba katika mwaka mmoja Bagamoyo ilipata sukari na taifa likapata deni.

Wapo watakaosema Tanzania ilikosea kuvunja mkataba, na wapo watakaosema ilikosea kuusaini. Mimi nadhani kosa lilitangulia yote mawili, nalo ni la hesabu ambayo hatukuifanya hadharani. Tuifanye sasa. Tani moja ya miwa ikigeuzwa yote kuwa ethanoli hutoa takriban lita 75. Hekta inayovunwa tani 80 hutoa basi lita 6,000. Tangi la lita 60 likijazwa E85 linabeba lita 51 za ethanoli. Gari linalojaza tangi mara moja kwa wiki linakula lita 2,652 kwa mwaka, sawa na hekta 0.44. Hiyo ni zaidi kidogo ya ekari moja.

Gari moja, ekari moja, kila mwaka. Mtu wa Miono haihitaji shahada kuielewa hesabu hiyo. Ekari anaijua kwa miguu. Anajua ni magunia mangapi ya mahindi, ni matuta mangapi ya mihogo, ni siku ngapi za jembe. Msitari wa magari kumi yanayosubiri taa ya kijani ili yashindane ni shamba la ekari kumi, pamoja na maji yake. Pengine jamii inaweza kuamua kuwa hilo linafaa. Ekari moja ikilipwa vizuri huweza kusomesha watoto. Lakini uamuzi huo ni wa mwenye ekari, na hawezi kuufanya ikiwa anatajiwa tu mamilioni ya lita na maelfu ya ajira bila kuambiwa ekari ni ngapi na mto utabaki na nini wakati wa kiangazi.

Kuna jambo la sheria ambalo vijana wetu wa vijijini hawalijui vya kutosha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa mwekezaji wa kigeni huhamishwa kwanza na kuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akifilisika, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Vijiji 11 vya Kisarawe, katika mkoa wetu huuhuu wa Pwani, vilijifunza hivyo pale Sun Biofuels, iliyochukua zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya mbono kaburi, ilipoanguka mwaka 2011. Miti ya mafuta haikufanikiwa, ajira zikaisha, na ardhi ikabaki katika jina la wengine.

Je, basi ethanoli ni mafuta mabaya? Sikubali. Ni mafuta mazuri, na anayebadili injini yake anafanya kazi ya akili inayostahili heshima. Kuna njia ambayo haihitaji kumhamisha mtu: molasi. Tani moja ya molasi hutoa takriban lita 250 za ethanoli, na miwa yake imekwisha kulimwa kwa ajili ya chai yetu. Kenya na Malawi walianzia hapo. Tukiamua kwamba kila kiwanda cha sukari nchini, cha zamani na kipya, kikaushe sehemu ya kileo chake kwa ajili ya petroli, tutapata kwanza mchanganyiko mdogo ambao hata bodaboda yenye kabureta itauvumilia bila kuguswa, kisha baadaye pampu moja au mbili za E85 kwa wanaoipenda kasi. Itakuwa ethanoli kidogo. Udogo huo ni kipimo cha ukweli wa uwezo wetu, na haumnyang'anyi mtu kitu.

Kwa ardhi mpya, ninapendekeza masharti matatu yatangulie sahihi yoyote. Hesabu ya ekari na ya maji isomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kila kijiji kinachoguswa, kikiwemo kile kilicho ng'ambo ya mto. Mkataba useme waziwazi kwamba mradi ukifa ardhi inarudi kijijini, na kwa muda gani. Na wanaoitwa wavamizi wahesabiwe kwa majina yao kabla mtu hajasema ardhi ni tupu. Masharti haya yana gharama, lakini kwa vyovyote hayafiki dola milioni 165. Barabara ya kutoka Mandera kupitia Miono hadi Saadani inapita katikati ya mashamba ambayo wengi wa wenyewe hawana hati mkononi. Mwekezaji ajaye atapita humohumo, na safari hii inafaa akute tumekwisha kupiga hesabu.